Bakuli la Kuloweshea Ukindu

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mtu wa kujua jambo bila kuambiwa, ila mara moja tu kwa mwaka, tena bondeni tu, mpunga ukishavunwa. Siku nyingine zote nilikuwa fundi redio wa kawaida hapa Kibiti, mwenye bisibisi mfukoni na hasira za karibu. Mteja akiniuliza mara mbili redio yake itakuwa tayari lini, namrudishia vile vile ilivyofunguliwa, na nati zake kwenye mfuko wa nailoni.

Mchezo wenyewe ni mdogo. Vitu saba vinapangwa juu ya mkeka: kikombe cha bati, kijiko, kibiriti, limau, kandambili moja, betri ya redio na kisu cha kuvunia. Mimi nafungwa macho kwa kanga na kupelekwa nyuma ya dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Nikishaondoka, mmoja wa waliokaa, yeyote anayejitolea, anainuka na kugusa kitu kimoja bila kusema neno. Halafu naitwa, nafunguliwa macho, na mke wangu anaanza kuniuliza kimoja kimoja. Ni kijiko? Siyo. Ni limau? Siyo. Ni kandambili? Hiyo hiyo! Na kila mara ilikuwa hiyo hiyo, na watu wanapiga kelele, na shangazi yake mke wangu, bibi kizee mwenye sauti kavu, ananiuliza swali lake lile lile la kila mwaka: "Nani kakwambia?" Nami namjibu jibu langu la kila mwaka: "Sikuambiwa na mtu, nimejua mwenyewe." Nilikuwa nalisema kwa kidevu juu.

Niseme nilivyofika kwenye mchezo huo. Mimi si mtu wa bondeni. Kwetu ni milimani, Umatumbi, ambako maji ni ya kwenye ndoo. Nilikuja Kibiti kutafuta riziki, nikamwoa binti wa Kindengereko kutoka upande wa Mtunda. Kwao, msimu wa mpunga ukifika, ukoo mzima unahamia bondeni, kule Rufiji inakoanza kujigawa kuelekea delta, na kuishi kwenye madungu, ambamo watu wanalala na kuamia ndege mchana kutwa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilifunga kibanda changu cha ufundi nikaenda nao kuvuna, nionekane mkwe wa maana.

Siku ya kwanza nikajikata kidole. Siku ya pili nikateleza kwenye ngazi ya dungu nikaanguka na chungu cha mboga. Mashemeji walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaendelea kuzungumza kwa Kindengereko. Lugha yao na yetu zinakaribiana, kwa hiyo nilielewa nusu, na nusu ndiyo mbaya kuliko kutoelewa kabisa. Nikanuna. Siku ya tatu yote nilikaa nyuma ya dungu nikitengeneza redio ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Mke wangu alinifuata huko na sahani ya wali. Alikaa, akanitazama nikifungua nati na kuifunga tena.

"Unataka kurudi Kibiti," akasema.

"Keshokutwa."

"Na mwakani?"

Nikaifungua nati tena. Akaniuliza kama kule Dar nilikojifunzia kazi sikuwahi kuona mchezo wowote wa kuchekesha watu. Nikamwambia habari za jamaa wawili waliokuwa wakifanya kiinimacho sokoni, mmoja anatoka, mwingine anabaki, na yule aliyebaki anampa mwenzake ishara ya jicho. Nilimweleza kwa unyonge tu. Yeye akasimama pale pale.

"Jicho wataliona," alisema. "Lakini mimi mikono yangu ina kazi siku zote. Nitaweka bakuli la maji pembeni. Nikichovya vidole, kitu nitakachokitaja baada ya hapo ndicho."

"Kwani ukindu unahitaji maji?"

"Unahitaji."

Basi. Yeye alikuwa msukaji wa mikeka. Popote alipokaa, mkono wake ulikuwa na ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Mimi nilijua saketi na risasi ya kuunganishia. Akisema unahitaji, unahitaji. Jioni ile, kabla jua halijazama, tulifanya mara tatu na mara zote tatu nikapata. Shemeji yangu wa kiume, kaka yake mke wangu, ambaye siku mbili alikuwa ananiita mzigo wa milimani, alizunguka mkeka ule akiinua kila kitu na kukinusa. Keshokutwa sikuondoka. Nilikaa hadi gunia la mwisho likapandishwa kwenye mtumbwi.

Miaka iliyofuata shemeji huyo aliufanya kuwa wajibu wake kunikamata. Yeye ndiye aliyekuwa akinifunga macho, na alinifunga kweli, mpaka naona nyota. Mwaka mmoja alimgeuza dada yake akae akinipa mgongo. Mwaka mwingine alimfunika uso kwa kanga, akidhani ananikonyeza. Mwaka mwingine alileta mwalimu mgeni, mtu wa hesabu, aliyekaa na daftari akiandika mpangilio wa maswali, akaondoka na daftari lake bila jibu. Wanaume wote wa madungu yale walishindwa. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele tu, na mimi niliwaona wepesi wa kushangazwa. Mungu anisamehe, nilikuwa nawaonea hata huruma.

Hatukujaaliwa mtoto. Tulihangaika miaka ya mwanzo, hospitali ya Utete na kwingineko, baadaye tukaacha kulizungumza. Nyumba yetu ikawa na utulivu wa watu wawili wanaojuana. Lakini siri ile ilikuwa yetu. Ndugu zake walikuwa na kila kitu chake kingine: utoto wake, lugha yake, vichekesho ambavyo hata nusu yake sikuipata. Bakuli lile lilikuwa langu na lake tu. Tukiwa njiani kurudi, kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, alikuwa ananigusa ubavuni kwa vidole viwili, kama anachovya, na mimi nacheka peke yangu mpaka dereva anageuka.

Aliugua mwaka juzi na hakuugua muda mrefu. Tulimzika kwao. Kwenye arobaini wanawake walikusanya vitu vyake wakanigawia na wakagawana kama ilivyo desturi, na mdogo wake wa kike akaja mbele yangu akiwa amejiinamia, akaniomba bakuli la bati lililobanduka rangi ukingoni. "Hilo tu, shemeji." Nilikuwa nimechoka na watu, nikamwambia lichukue na lingine lile la plastiki lichukue. Nilikumbuka ni bakuli gani nikiwa nimeshafika Kibiti, na nikajilaani usiku na mchana kwa wiki nzima.

Tangu hapo nakaa chumba kimoja nyuma ya kibanda changu, kando ya barabara ya Lindi. Mabasi yanapita, wauza korosho wanakimbilia madirisha, watu wanateremka na kupanda, na hakuna hata mmoja anayeteremka kwa ajili yangu. Asubuhi nawasha redio zote zilizopona, nne, tano, kila moja stesheni yake, chumba kiwe na watu. Nimeshindwa kuzoea kupika ugali wa mtu mmoja; kila siku unabaki, kila siku namwagia kuku wa jirani. Chini nimetandika mkeka aliousuka yeye, wenye michirizi myekundu iliyosambaa ovyo kwenye ukindu mweupe. Nilipata kumgombeza kwa sababu ya michirizi ile. Nilimwambia amenunua rangi mbaya, na yeye akasema labda.

Naona aibu kusema hili, lakini nitalisema. Jioni moja nilipanga vitu saba juu ya meza ya kazi. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta, nikarudi. Nilivitazama vile vitu na vyenyewe vikanitazama. Mchezo ule haufanyiki na mtu mmoja, ni jambo dogo ambalo ningelijua bila kutoka nje.

Mavuno mawili walinialika na mara mbili nikasingizia kazi. Mwaka huu mdogo wake alinipigia simu mwenyewe. "Shemeji, shangazi anakuuliza. Anasema asipokuona mwaka huu, mwakani huenda yeye ndiye asionekane." Nikafunga kibanda. Nilipanda bodaboda mpaka mwisho wa njia, nikavushwa kijito kwa mtumbwi, nikatembea kwenye matuta hadi madunguni, nimebeba sukari kilo mbili na betri mpya za redio ya shangazi.

Walinipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba kila kitu kilikuwa vile vile na nafasi moja tu ilikuwa wazi. Tulikula wali mpya na samaki wa mtoni. Baada ya alasiri wakatandika mkeka chini ya dungu, kivulini, na kabla sijainuka shemeji wa kiume akaanza kuvipanga: kikombe, kijiko, kibiriti, limau.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Mchawi hastaafu!" Akavua kandambili yake akaiweka.

"Nimesema hapana. Wa kuniuliza hayupo."

"Kwani kuuliza ni kazi?" akasema. "Weye ndiye unayejua. Kuuliza hata miye naweza."

Kumbe ndivyo walivyoona miaka yote, nikafikiri: mimi najua, na mke wangu ni wa kutaja majina ya vitu tu. Nilitaka kumwambia pale pale kwamba sijawahi kujua chochote maishani mwangu ila nilichoambiwa na yule mwanamke. Lakini kusema hivyo ni kuitoa siri, na siri ndiyo pekee niliyobaki nayo ambayo hawakugawana kwenye arobaini. Nikaamua kitu kingine. Nitakwenda nyuma ya dungu, nitarudi, nitakosea. Nitakosea mara tatu mfululizo, watasema uzee umeniingia, na mchezo utakufa ukiwa bado wetu.

"Nitauliza mimi," akasema mdogo wake marehemu. Alikuwa amekaa mahali pale pale pa dada yake, ukili mkononi.

Nikafungwa macho. Nilisimama nyuma ya dungu nimeshika nguzo, nikasikia wakibishana nani ajitolee, halafu kimya cha mtu anayechagua. Sauti ya mke wangu ndiyo iliyokuwa ikiniita siku zote. Safari hii shemeji wa kiume ndiye aliyeniita, akanivuta mkono, akanifungua.

"Ni kibiriti?" akauliza mdogo wake.

"Siyo."

"Ni kikombe?"

"Siyo."

Nilikuwa nimeshachagua limau nikosee nalo. Ndipo mkono wake ukashuka pembeni ya goti. Bakuli la bati, lile lililobanduka rangi ukingoni, lilikuwa pale. Akachovya vidole viwili.

"Ni betri?"

Hasira ikaja. Alimwambia. Mke wangu alimwambia mdogo wake. Kitu kimoja tulichokuwa nacho peke yetu, akakitoa, na mimi nikabaki bila hata hicho. Nikamwangalia yule mdogo wake machoni.

"Siyo," nikasema.

Hakuendelea na kitu kingine. Akachovya tena, safari hii mkono mzima, matone yakadondoka juu ya mkeka.

"Shemeji. Ni betri?"

"Nimeshasema siyo!"

Shangazi, ambaye macho yake siku hizi hayaoni zaidi ya urefu wa mkono, akageuza kichwa upande wangu.

"Mkwe wangu, maji hujayaona? Miye nimeyasikia."

"Maji gani?" akauliza shemeji wa kiume.

Yeye peke yake ndiye aliyeuliza. Niliwatazama wanawake waliokaa pale, wanane au tisa, wengine wazee, wengine walikuwa mabinti wadogo nilipoanza kuja. Hakuna aliyeonekana kushangaa. Wote walikuwa wameinamisha nyuso, na mmoja alikuwa anabana kicheko kwa ncha ya kanga.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ile ya kwanza," akasema shangazi. "Keti. Keti basi, usisimame kama unataka kukimbia. Mkwe, ukindu hauchovywi maji katikati ya kusuka. Unaloweshwa asubuhi, unaviringishwa kwenye kitambaa kibichi, basi, unasuka. Tena wenye rangi ndiyo kabisa. Ukiutia maji ovyo unachuja, mkeka unaharibika. Mwanamke gani hapa angemwona msukaji anachovya vidole asijiulize anachovyea nini?"

Nilikaa. Nilikumbuka ile michirizi myekundu ya mkeka wangu wa chumbani, na jinsi nilivyomgombeza, na yeye akasema labda.

"Yeye alijua kwamba mnajua?"

"Si ndiye aliyetuambia!" Shangazi akacheka kicheko chake kikavu, halafu akaacha. "Alitujia pale kwenye kutwanga. Akasema, mume wangu amenuna nyuma ya dungu, keshokutwa anaondoka, na akiondoka hivi hatarudi tena kwetu, na miye nitakuwa natembea katikati yenu na yeye mpaka nife. Nimemwambia nitamfanyia ishara ya maji. Mtaiona, najua mtaiona. Naomba mshangae."

"Naomba mshangae," akarudia mdogo wake taratibu. "Na kila mwaka kabla hamjafika alikuwa anapiga simu kukumbusha. Eti msisahau kushangaa."

"Na miye?" shemeji wa kiume akadakia, akiwa amesimama na ile kanga ya kufungia macho mkononi. "Miye mbona sikuambiwa? Miaka yote hii nazunguka hapa nanusa malimau!"

Ndipo wanawake wakaachia. Walicheka mpaka kuku wakakimbia chini ya dungu, na yule bwana akaapa hatakula wali wa mtu mpaka aombwe radhi, na akala jioni ile ile. Mimi sikucheka wala sikulia, ingawa vyote viwili vilikuwa karibu. Nilikuwa napitia upya miaka ishirini na miwili, mmoja baada ya mwingine, nikijiona natoka nyuma ya dungu na kidevu changu juu, mbele ya wanawake wanaojua wote, wakinipigia vigelegele kwa sababu wameombwa. Nilidhani nilikuwa na siri na mtu mmoja, dhidi ya ukoo mzima. Kumbe wanawake wote wa ukoo walikuwa na siri naye, kwa ajili yangu. Sikujua hilo linanipunguzia upweke au linaniongezea, na hata leo, nikiandika haya na redio tano zinaongea kwa pamoja, sijajua vizuri.

"Alisema kitu kingine," mdogo wake akaniambia kwa sauti ya chini, wengine wakiwa bado wanamtania kaka yao. "Hospitali. Alisema, bakuli uliombe wewe. Mume wangu hatakumbuka kulificha, na siku atakaporudi bondeni pawe na mtu wa kuchovya."

Nikainuka. Nilimwendea shemeji wa kiume, nikampa mgongo, nikamwambia anifunge macho.

"Kwa kazi gani tena? Si tumeshajua wote?"

"Funga."

Akanifunga, taratibu kuliko miaka yote. Nilisimama nyuma ya dungu, mkono kwenye nguzo, na nikakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kugusa kitu kimoja juu ya mkeka. Hawakuniharakisha. Mwishowe mdogo wake akaniita, na sauti yake kwa mbali ilikuwa na kitu cha dada yake, hasa mwishoni. Kaka yake akanivuta mkono, akanifungua macho.

"Ni kandambili?"

"Siyo."

"Ni kisu?"

"Siyo."

"Ni kibiriti?"

"Siyo."

Akachovya. Kwenye ukili aliokuwa anausuka, ukindu ule mwekundu ukatoa mchirizi ukaingia kwenye mweupe, na yeye hakuufuta.

"Ni limau?"

"Ndilo hilo," nikasema.

Wakalipuka. Sijawahi kusikia vigelegele vile hata harusini kwangu. Ee! Kajuaje huyu! Wanawake waligongana mabega kwa mshangao, shemeji wa kiume naye akashika kichwa, akalizunguka lile limau, akaliinua na kulinusa. Shangazi alisubiri watulie. Kisha akageuzia uso wake upande niliposimama, akaniuliza kama anavyoniuliza kila mwaka:

"Nani kakwambia?"

"Mke wangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akapapasa mkeka kando yake mpaka akapata nafasi, akanionyesha nikae.